Bomba la Pili Chini ya Dirisha

Laeken, Brussels, 27 Novemba 2011

Yaya Rolande, dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Likasi, na kwamba mguu wako umepona. Sisi tu wazima, ila moyo wangu haujatulia. Barua hii anakuletea maman Mbombo, anayesafiri Jumatano. Kwenye simu siwezi kusema, maana baba yako, huyu Tonton wangu, hukaa kando yangu akingoja zamu yake ya kukusalimu.

Najua Tonton amekwisha kukueleza habari ya maji, na najua ulivyomkaripia. Nilikuwa palepale. Nilisikia sauti yako ikitoka kwenye simu, naye akijibu tu, "Ndiyo, mutoto wangu, nilikosea." Sasa soma yote tangu mwanzo.

Chloé amefikisha miaka mitatu, na kitanda chake kipya kilikataa kuingia katika chumba anacholala na babu yake. Kilichozuia ni radiateur, kile chuma cha kupashia chumba joto, iliyo chini ya dirisha, kwa sentimita ishirini tu! Mume wangu Guylain alimpigia fundi wa chauffage, yaani joto la nyumba, naye akasema atakuja baada ya wiki tatu. Hapo Tonton akaona ametukanwa. Mtu aliyemaliza miaka thelathini na miwili katika kiwanda cha shaba, aletewe kijana wa Kibelgiji kumfundisha shaba? Unamjua baba yako. Nyumba nzima ilichoka. Asubuhi shaba, mezani shaba, hata tukitoka kanisani anawashika watu mkono na kuwaeleza shaba. Mume wangu akakubali ili tu kelele ziishe.

Jumamosi ile Guylain alikwenda kazini kwake, kwenye ulinzi kule Schuman. Tonton akamwaga maji yote ya chauffage, akaiondoa radiateur, yakabaki mabomba mawili ya shaba yanayotoka sakafuni, yenye umri kunishinda. Kazi ilikuwa kuyakunja yafike mahali papya. Na hapo ndipo aliponitia wazimu, yaya! Alilipasha bomba la kwanza kwa moto wa gesi mpaka likawa jekundu, kisha akaketi. Akangoja lipoe. Akanywa chai. Akangoja tena. Nilipomwuliza tunangoja nini, akaigusa ile shaba, akaniambia, "Cuivre ya zamani iko sawa muntu muzee. Umupashe kwanza moto, njo umukunje. Ukimukunja mbio, anavunjika." Bon, alilikunja polepole, kama mimi ninavyomgeuza mgonjwa kitandani kule kazini, na lazima niseme lilitoka zuri.

Kabla hajafikia la pili, gesi ikaisha. Akavaa koti, akaenda kununua nyingine, akapotea saa mbili nzima, kwa sababu dukani alimkuta mtu wa Kolwezi na wakaanza shaba yao. Chumba barafu, Chloé anakohoa, na mimi zamu yangu ya usiku inanisubiri. Nilimlaani, Mungu anisamehe.

Aliporudi alifunga kila kitu, akarudisha maji, akawasha. Joto likaja vizuri. Tulikuwa mezani na Guylain wakati jirani wa chini alipogonga mlango akilia. Maji meusi ya chauffage yalikuwa yamepita sakafuni, yakabomoa dari yake na kuimwagikia piano ya marehemu mama yake. Guylain alikimbia chumbani akakuta bomba la pili limepasuka, na maji yanachemka pale ambapo Chloé angelala usiku ule. Akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake. Akasema mzee asiyesikia la mtu hawezi kulala na mtoto wake, arudi Likasi. Tonton akainama, akasema, "Ni mimi." Wewe nawe ukakubali arudi, na nasikia umeshapaka rangi chumba chake. Anasafiri tarehe kumi. Tangu siku ile hajalitaja tena neno shaba.

Yaya, bomba la pili hakulikunja yeye. Nililikunja mimi.

Alipokuwa dukani nilichoka kungoja, nikalishika hivyohivyo, baridi, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Likajikunja vibaya, likabonyea. Nikaogopa maneno yake, nikachukua nyundo nikalinyoosha, nikamwambia nimemsaidia, limekubali lenyewe. Naye kwa macho yake yale yenye ukungu aliniamini, akalifunga. Maji yalipomwagika aliinama, akapapasa bomba kwa vidole, akakuta alama za nyundo. Alinitazama mara moja tu. Kisha ndipo akasema ni yeye.

Nami nikanyamaza. Wiki tatu, yaya! Kila nilipotaka kusema nilimwona Guylain na hasira yake, nikameza. Haraka yangu ilivunja bomba, lakini kimya changu ndicho kinachomfukuza baba yako. Naona haya hata kukuomba msamaha.

Guylain ameketi mbele yangu sasa, anamenya chungwa la Chloé. Sitaifunga barua hii mwenyewe. Nikiweka jina langu nitampa aisome, kisha nitamwomba aandike anwani yako. Ukikuta juu ya bahasha mwandiko wangu, ujue nimeogopa tena, umpokee baba yako uwanja wa ndege na umwombe radhi kwa niaba yangu. Ukikuta mwandiko wa Guylain, ujue ameyasoma yote; mpigie simu Tonton, umwulize habari za shaba.

Wasalimie shemeji, watoto na wote wa parokia. Wabusu kwa ajili yangu.

Mdogo wako asiyestahili,
Graciella