Trela ya Kitanda Kimoja

Kapkatet,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini kifua cha Baba kimetulia na mvua imewafikia huko Laikipia. Hapa inanyesha kila alasiri, hata viatu vyangu vya shule havipati nafasi ya kukauka. Mimi ni mzima wa mwili, lakini bado nimeduwaa, na wiki nzima nimeianza barua hii na kuiacha.

Ningekupigia simu, ila simu ya Baba ikipokelewa, kila aliye karibu husikia, na jambo hili nataka ulipate wewe kwanza. Tena ukiwa umekaa. Tafadhali Mama, kaa chini.

Senge, shangazi yangu huyu ninayekaa naye, anataka kuondoka. Ataifunga nyumba ndogo nyuma ya gari lake na kwenda nayo, peke yake.

Unajua kwamba wifi yako amestaafu. Hospitalini walimfanyia sherehe, wakampa blanketi na saa ya ukutani. Kesho yake ile saa akampa jirani. Nilifikiri haikumpendeza. Kisha akagawa sufuria kubwa, viti vya sebuleni, kabati la vyombo, na nguo zote isipokuwa zinazoingia kwenye sanduku moja. Nilipomuuliza, alisema, "Chelangat, mtu mmoja anakula na kijiko kimoja."

Huku kwetu mtu wa umri wake akianza kugawa vyombo bila kusema anahamia wapi, watu huelewa jambo moja tu. Wamama wa kanisa walifika na sukari, unga na nyuso za matanga. Kiongozi wao akamshika Senge mkono, akamwambia polepole, "Dada, daktari amesema nini?"

"Daktari gani?"

"Usitufiche. Tumeona kabati yako ikipita kwa barabara."

Senge alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo, maana viti vilikuwa vimeisha. "Mimi si mgonjwa. Nanunua trela ya kulala. Nimefanya kazi miaka yote nikitazama nchi kwa dirisha la wodi. Sasa nataka kutembea."

Wamama hawakucheka. Waliomba vilevile, tena maombi marefu, kisha wakaacha sukari. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nimesahau kumimina chai.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukaenda Kericho, kwa mtu anayeuza trela zilizotumiwa na watalii. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ina choo, oveni, televisheni na pazia zenye maua. Tena ilikuwa na kitanda kikubwa, na chini ya dirisha kitanda kingine kidogo cha kukunjua. Nilipokiona hicho cha pili, moyo ulinirukaruka. Nilijiambia, hicho ni cha likizo. Hicho ni changu.

"Mama, chukua hii," mwenye mali akasema. "Hata mzee atafurahi."

"Mzee gani?"

"Si bwana yako?"

"Bwana yangu, Mungu alimchukua kitambo."

"Pole sana. Basi watoto."

"Watoto nimezalisha wengi kuliko wewe umeuza trela," Senge akamjibu, "lakini kila mmoja alienda nyumbani na mama yake. Hii gari yangu unaiona? Hiyo televisheni yako ikifika mteremko wa kwanza, itatusukuma sisi mpaka mtoni. Nionyeshe ingine."

Ya pili ilikuwa ya turubai, inafunguka kama hema juu ya magurudumu. Senge aliishika kwa vidole viwili tu. "Mvua ya mawe ya huku ikiipiga mara moja, nitakuwa nachuja chai nayo."

Ya tatu ilikuwa imesukumwa ukutani, nyeupe, fupi, mgongo wa duara kama kobe. Hakuna choo. Jiko la gesi liko nyuma, ukiinua mfuniko unapika umesimama nje, mfuniko ukikufunika kichwa. Ndani kuna kitanda, droo chini yake na dirisha kila upande. Basi. Mtu akisimama wima, anagusa dari.

Mama, ungemwona! Alimwambia yule mtu akae kando, asimsaidie. Akarudisha gari nyuma mwenyewe, akashuka, akaiinua ile shingo ya chuma ya kuunganisha trela na gari, akaikosa, akarudia, akaifunga. Jasho lilikuwa linamtoka. "Kama siwezi kuifunga peke yangu, basi si yangu," alisema. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akaniamuru nipande kwenye ngazi nimwage maji juu ya paa ndoo baada ya ndoo. Yeye alikuwa amelala kitandani, akipapasa kila kona kwa kiganja kama anayetafuta homa kwa mtoto. Alitoka mkavu.

"Nachukua hii."

Sijui maneno yalinitokaje. "Na mimi, Senge? Mimi nitalala wapi?"

Mwenye mali akageuka, akajifanya anafuta gurudumu. Senge akasema, "Panda gari, mama. Tutaongea nyumbani." Njiani mvua ilinyesha. Nilikuwa natazama kwenye kioo ile trela nyeupe ikitufuata, nikiihesabu kuwa adui yangu.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, tulimkuta Baba Mkubwa ameshafika kutoka Bomet. Habari hukimbia. Aliizunguka trela mara kadhaa, akaipiga gurudumu teke.

"Konokono ndiye anabeba nyumba," akasema. "Mtu akibeba nyumba yake, amefukuzwa. Ni nani amekufukuza, dada yangu? Tuambie twende tumuulize."

"Hakuna mtu amenifukuza."

"Basi utalala wapi? Kando ya barabara kama lori imeharibika?"

"Nitalala kwa ng'ombe zangu."

"Ng'ombe gani? Si uliuza?"

Hapo ndipo tulipojua, Mama. Senge hakuuza. Kila alipohamishwa kazi, alimwachia rafiki mtamba mmoja amshikie, kimanagan, kama wazee walivyofanya. Yule anakamua maziwa, watoto wake wanakunywa, na ng'ombe anabaki wa Senge. Aliacha Kipkelion, akaacha Kapsoit, akaacha mpaka kule Trans Mara. Miaka hii yote hajaenda kuwaona, kwa sababu ya zamu za usiku.

"Mwenye ng'ombe akifika hafukuzwi," akamwambia Baba Mkubwa. "Anachinjiwa kuku. Lakini siwezi kumwendea mtu nikale kwake, nilale kwake mwezi mzima, nimtoe mtoto wake kitandani. Kitanda nitaenda nacho. Wao wanipe tu mahali pa kuegesha na maziwa ya mursik kidogo."

Baba Mkubwa aliketi juu ya ndoo, akaomba chai. Nilifikiri amekubali. Kumbe alikuwa anatafuta jiwe lingine.

"Na huyu mtoto?" akasema. "Umemweka kwa nani? Nitaenda naye Bomet. Shule ziko kila mahali."

Mama, unajua niko kidato cha tatu. Unajua mwalimu wa kemia alivyonishika mkono mpaka nikaanza kuelewa. Kutoka kwa Baba Mkubwa siwezi kufika shule hii hata nikiamka na jogoo. Nilikuwa jikoni napika ugali, na mwiko ukasimama.

"Mtoto hana shida na shule yake," Senge akajibu. "Akae hapa, na mama yake aje akae naye. Kabla hajaja siendi. Trela itakaa chini ya mti hata ikiota nyasi."

"Mke wa ndugu yetu aje kuishi kwa boma ya wifi yake? Watamcheka mpaka sokoni!"

Najua ndivyo ulivyosema hata wewe, wakati ule Senge alipowaita nyote mje. Ulisema mke hali ugali wa nyumba ambayo mume wake hakuijenga. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia. Kwa hiyo jibu la Senge nimelishika neno kwa neno, nikuletee.

Alisema, "Nani amesema nampa makao? Ninamwomba anishikie. Majani haya ya chai yanataka mchumaji, ng'ombe aliyebaki hapa anataka kukamuliwa. Achume, apeleke kituo cha chai kwa jina lake, akamue, watoto wanywe. Mimi nitakuja mara moja moja kama mwenye ng'ombe, nitakaribishwa chai, nitaondoka. Umewahi kusikia mtu aliyeshikiwa ng'ombe akimcheka anayemshikia?"

Baba Mkubwa alimaliza chai yake yote. Akainuka, akatoka. Alipokuwa anapanda pikipiki aliniambia tu, "Andikia mama yako." Hakusema Bomet tena.

Basi ninaandika. Senge hataki kukuandikia mwenyewe. Anasema akikuomba yeye utaona ni wifi anakuamuru. Mimi si wifi, kwa hiyo nakuomba mimi. Njoo Mama. Na Baba, kazi yake ya ranchi ikimruhusu, aje baadaye. Kama huwezi, niambie pia, nitajua la kujiandaa nalo. Sitalia mbele ya watu.

Ila nataka ujue jambo hili kabla hujaamua. Senge ameanza kulala ndani ya trela, hapa uani, ili aizoee. Asubuhi anafungua kidirisha, nywele zimesimama, ananiita, "Chelangat! Tumefika wapi leo?" Nami namjibu, "Bado Kapkatet, Senge." Tunacheka sote wawili. Leo asubuhi aliuliza, nikajibu, na hakucheka. Alitazama barabara kwa muda, kisha akafunga dirisha.

Msalimie Baba, umwambie anywe dawa hata akijisikia vizuri. Msalimie Kibet, mdogo wangu mchunga mbuzi, na mama mwenye kioski anayekusomea barua miwani yako ikipotea. Mwambie hii asiisome kwa sauti. Salamu pia kwa mchungaji aliyeniombea nilipokuwa naondoka.

Chumba chako nimekifagia. Dirisha linatazama majani ya chai.

Ni mimi binti yako anayekungoja,
Chelangat