Mtoto wa Jirani

Tarehe 6 Februari

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi la vitambaa. Wasiwasi wangu wote ni kwa mama. Nyonga yake inaendeleaje? Bado anamfukuza yule muuguzi? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikata maneno kabla sijafika kwenye nukta.

Kaa chini kwanza, dada. Nimehamishwa! Sipo tena chumba cha nyuma. Jumatatu Madamu alipita na kikombe chake cha chai, akasimama karibu na cherehani yako, akanitazama vile anavyotazama kitambaa kipya, akasema, "Wewe hapa unapotea bure. Una mwonekano wa mbele." Basi, yakawa hayo. Wiki sita tu tangu nije kukushikia nafasi, na leo nina kiti cha kuzunguka, sketi ya kijivu na meza yenye maua ya kweli, si ya plastiki. Kwenye cherehani yako amekaa mwenzako wa chumba cha nyuma, Babu Vifungo. Nimemkataza asiguse mto wako.

Na jana nimeshona kifungo cha mwisho! Uliwahi kunieleza desturi hiyo ya duka, lakini sikujua inavyotetemesha. Bibi harusi amesimama juu ya kibao, mama yake analia, duka zima kimya, nami nimepiga magoti nyuma yake na sindano. Lilikuwa lile gauni la mikono ya lesi uliloliacha limebaki pindo tu. Alinikumbatia, akasema nina mikono ya dhahabu. Nikamwambia asante.

Nikumbushe, lesi ikijikunja kwapani unafanyaje?

Mpe mama shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 15 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima, mama anaendelea vizuri, jana amepiga hatua nne akishika ukuta na matusi manane akimshika muuguzi. Anakujibu marahaba.

Hongera kwa kiti cha kuzunguka. Mimi nilikalia stuli ya mbao miaka tisa, kwa hiyo sijui raha yake.

Usidhani nimekasirika. Nakuhesabia tu. Mara ya kwanza nilipomwomba Madamu nikae mbele, alisema mbele panataka mtu mwenye uzoefu. Mara ya pili nilikuwa na uzoefu kuliko yeye mwenyewe, akasema mbele panataka mtu mchangamfu. Mara ya tatu akasema wateja wetu ni watu wa aina fulani, wanapenda kuona kitu walichokizoea. Mara ya nne aliniambia, kwa upole kabisa na mkono begani, "Wewe ni moyo wa duka hili, na moyo hukaa ndani." Kilemba cha ukoka hicho, nami nilikivaa hadi jioni.

Soma tena lile tangazo lililo ukutani kwenye fremu: anayeshona gauni ndiye anayeshona kifungo cha mwisho. Unajua mimi nilivyoshona vifungo hivyo? Nilitunga uzi kwenye sindano, nikaupitisha mkono kwenye mwanya wa pazia, na aliyekuwa mbele akaipokea. Miaka tisa hakuna bibi harusi aliyeuona uso wangu. Wewe wiki sita, wewe uliyetia zipu kichwa chini kwenye sketi ya mama!

Ameona nini kwako? Unajua, na mimi najua. Sisemi.

Lesi ikijikunja, fumua, legeza uzi, anza upya kutoka begani. Na mtu akikusifia mikono, tazama kwanza kama ni yako.

Dada yako

*

Tarehe 24 Februari

Dada,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu imenichoma mahali tofauti. Sikuomba kiti hiki. Nilikaa nilipoambiwa nikae. Madamu anasema ni uchangamfu, na wewe dada, tusidanganyane, una uso wa kununa. Hata kwenye picha ya kitambulisho umenuna.

Kama kuna neno, liseme. Nyumbani kwetu kila kitu ni funika kombe. Shangazi alikuwa akisema wewe ulikaa jikoni mno na mimi nilitolewa kabla sijaiva, watu wanacheka, mama anaondoka kwenda kuangalia chungu ambacho hakipo motoni. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akaniambia baba yangu alikuwa mtu gani. Mama humwita "yule", na wewe humwiti kabisa.

Sema basi.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 20 Aprili

Kwako wewe,

Hatujambo. Mama anatembea hadi barabarani na fimbo, kwa hiyo usiulize.

Nimekaa kimya wiki nane kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukujibu kwa upole. Leo sitafuti tena. Jana nilipiga simu dukani kumwambia Madamu kwamba mama amepona, narudi. Alifurahi. Akasema stuli yangu ipo, nianze Jumatatu yoyote, mlango wa nyuma wamebadilisha kufuli, nimgongee Babu Vifungo. Halafu akacheka, akasema, "Kumbe wewe ulikuwa unawafulia nguo kina binti yetu huyu wa mbele! Ndiyo maana mikono yako ina nguvu. Hukuwahi kuniambia."

Nilibaki nimeshika simu ya watu hadi mwenyewe akaja kuichukua.

Kwa hiyo mimi ni mfuaji wenu. Nimekuogesha, nimekusuka, nimekubeba mgongoni hadi shuleni siku kiatu chako kilipokatika, na leo umenigeuza mtumishi mbele ya watu wanaovaa magauni yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi wa nguo sikukiona.

Naona kijicho, ndiyo, andika popote upendapo. Nimekuonea kijicho tangu siku ulipoletwa kutoka hospitali ukiwa kwenye blanketi la manjano. Mtaa mzima ulikuja kukutazama, wanakupokezana, wanasema, "Tazama nywele, tazama ngozi." Mimi nilikuwa na miaka saba, nimesimama mlangoni na beseni. Mtu mmoja akanipa kikombe chake nikioshe.

Sina zaidi.

Dada yako, kama bado unaye

*

Tarehe 11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mama anaendelea kupata nguvu. Mimi siko vizuri, na sitajificha nyuma ya salamu.

Ni kweli nilisema. Madamu alimwambia mama wa bibi harusi mmoja kwamba nililetwa na fundi wake wa nyuma, naye akauliza kama fundi huyo alikuwa akisaidia kazi kwetu. Aliuliza kwa sauti ile ya adabu ambayo watu hutumia wasipotaka kutaja kitu, na wote wakageuka kunisubiri. Nikasema, "Alikuwa akinifulia nguo." Ulinifulia kweli, dada, lakini nilijua ninachofanya.

Sasa na mimi nikuulize. Ile barua uliyonipa nimpelekee Madamu nilipokuja mara ya kwanza, unakumbuka ulichoandika? Niliifungua kituoni, gundi ilikuwa haijakauka. "Anayekuletea barua hii ni mtoto wa jirani yetu. Ana adabu na anajifunza haraka." Mtoto wa jirani! Nilikaa kwenye benchi na mkoba wangu magotini, nikaacha magari mawili yaondoke. Halafu nikailamba gundi, nikaifunga, nikaipeleka. Wewe ndiye uliyenikana kwanza, na kwa mwandiko mzuri.

Unadhani mimi sioni wivu? Mama akikutazama wewe anakuona wewe. Akinitazama mimi anamwona mtu mwingine, halafu anatazama pembeni. Una picha tatu za utotoni zilizotundikwa sebuleni. Yangu iko kwenye droo, pamoja na vibiriti. Na huko mbele unakokutamani, kila siku naulizwa mimi hasa hasa ni wa wapi, na kama nywele ni zangu. Wakishajibiwa wanaridhika kama wamenunua kitu.

Jumamosi nilijaribu kurekebisha. Lilikuwa gauni lako la mwisho, lenye mgongo wa vifungo arobaini. Bibi harusi amepanda kibaoni, nimekabidhiwa sindano, nikasema, "Sishoni mimi. Gauni hili limeshonwa na dada yangu, tumbo moja, miaka tisa yuko nyuma ya pazia hilo." Madamu akatabasamu, akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Usijishushe hivyo, mwanangu. Una moyo mzuri, lakini hakuna haja."

Nikasema kwa sauti, ni dada yangu. Akasema, "Tusilete mambo hayo mbele ya wateja. Hapa sisi hatutazami vitu kama hivyo." Mama wa bibi harusi akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Ni Babu Vifungo tu aliyetoa kichwa kwenye pazia, akasema yeye alijua tangu wiki ya kwanza, maana wote wawili tunatoa ulimi tukitunga uzi. Madamu akachukua sindano, akashona mwenyewe.

Hajanifukuza. Ananisemesha polepole kama mgonjwa. Niambie nifanye nini, dada. Niache kazi?

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, mama ameitupa fimbo na anatumia mwavuli, anasema fimbo inamzeesha.

Nimechelewa kwa sababu barua yako nilifurahia mahali pasipostahili. Niliposoma kwamba hawakukuamini, kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Nikasema moyoni, na yeye aonje. Halafu nikarudia sehemu ya benchi na mkoba, nikalia hadi mama akauliza nani amekufa.

Nilikuandika mtoto wa jirani kwa sababu moja. Kila mahali nilipowahi kusema "huyu ni mdogo wangu," watu walikutazama wewe, wakanitazama mimi, wakakutazama tena, na nikaona hesabu ikipigwa machoni mwao, na jibu halikuwahi kuwa zuri upande wangu. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo hatuwekwi sambamba. Lile duka lilikuwa langu, hata kama ni nyuma ya pazia. Nilikuogopa. Nilikosea, na nakuomba radhi, ingawa mkono hautaki kuandika hivyo.

Sirudi dukani. Nimetoa cherehani ya mama barazani, nimeitia mafuta, nimepata wateja watano. Leo asubuhi alikuja mwalimu mmoja kupunguza sketi, akauliza, kwa kuzunguka sana, yule binti aliyekuwa akikaa hapa kwetu, yule wa, wa nanihii, anayeng'aa, yuko wapi siku hizi.

Nikasema, "Mdogo wangu?"

Akasema, "Aa, mdogo wako kabisa? Maana, unajua, hamku... si mnafanana kidogo tu."

Nikaweka mkasi chini. Nikamwambia, "Hatufanani. Yeye mweupe, mimi mweusi. Baba yake alikuwa mzungu, baba yangu hakuwa. Mama yetu ni huyo hapo."

Mwalimu akatazama sketi yake kama mtu aliyefunguliwa mlango akioga. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi na mwavuli. Nikangoja aondoke kwenda kuangalia chungu. Hakuondoka. Alikaa pale pale, akikwaruza ngazi na ncha ya mwavuli, hadi mwalimu akaenda zake.

Umeniuliza kama uache kazi. Wivu wangu unataka uiache leo hii, kwa hiyo nakushauri usiiache kwa ajili yangu. Ukichoka mwenyewe, baraza lina nafasi ya cherehani ya pili, na mbele ni hapo hapo, hakuna nyuma.

Lakini njoo kwanza, hata kwa siku mbili. Mama anasema uje.

Hapana, mama hajasema. Nimesema mimi.

Dada yako