Nyumba Inayoningoja Siaya

Silanga, Nairobi, Jumanne, 1996

Si kansa. Nimelisema hilo peke yangu chumbani mpaka nikaona aibu, maana jirani anasikia kila kitu kupitia mabati.

Daktari alisema kama mtu anayeongea habari za mvua. "Mzee, ile alama kwenye damu hupanda hata mkojo ukiziba na kuingia wadudu. Umemeza dawa, imeshuka. Na kile kinyama tulichopima hakina kansa."

Hata mwanzo aliniambia tungoje vipimo. Mimi nilisikia kansa tu, na ndiyo habari niliyompelekea Akinyi, mke wangu.

Yeye hakulia. Alifunga mzigo akaenda Siaya kunijengea nyumba, kwa sababu mwanamume wa kwetu asiye na nyumba bomani kwa baba yake hana mahali pa kulazwa akifa. Miaka yote nilikuwa namwahidi nyumba hiyo.

Jioni ndugu yangu Odhiambo amefika kutoka huko. Kabla sijafungua mdomo akanishika bega. "Omera, ndugu yangu, usiwe na wasiwasi. Nyumba yako wameshaiezeka."

Nikamwambia si kansa. Akaitikia "sawa, sawa," kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa, kisha akaenda kwake Kawangware.

Kwetu mke halali katika nyumba mpya kabla mume hajalala humo. Kwa hiyo Akinyi analala jikoni kwa mama yangu, akingoja niletwe ndani ya jeneza.

Kesho sifungui kibanda changu cha kuuzia makaa. Nakwenda Siaya. Lakini sijui Akinyi atanitazamaje nikiingia bomani nikitembea.