Eti nimwombe msamaha mwalimu aliyeutupa mto wangu mvuani

Mpendwa mshauri,

Wengine wanakuandikia kuomba msaada, mimi nakuandikia unihukumie kesi, maana nyumbani kwangu hakimu hayupo, wote wamekuwa walalamikaji. Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, Mungu awarehemu, nimekiona kiwanda cha makochi kilichosema kitanifungisha kazi kikifungwa chenyewe, daktari aliyesema moyo wangu hauna muda nilikwenda mazishini kwake kwa miguu yangu hii, na mpaka leo nakaa chini navalisha makochi na mtu akikalia kochi langu hataki kuinuka. Shule sikukaa sana, haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kama kuna herufi imelala iinueni hukohuko.

Sasa nina mjukuu wa kike, yuko darasa la pili, mtoto wa mwanangu wa mwisho, tunakaa nyumba moja. Namwita Cherehani kwa sababu tangu ajue kutembea hajapoa, mguu unakwenda, mdomo unakwenda, ukimtuma nyundo anarudi na paka. Watu wamesema sana. Shangazi yake akasema kadekezwa, jirani akasema ana pepo, baba yake akawa anamchapa, nikamwambia ukimgusa tena utahama nyumba hii na kitanda chako mgongoni. Ni mimi niliyesema apelekwe hospitali, siyo mtu mwingine, mimi. Daktari akakaa naye, akatuuliza maswali mpaka mkwe wangu akalia, mwisho akasema huyu siyo mtundu na siyo mjinga, ubongo wake ndivyo ulivyo, kutulia kwake ni kazi kama kwetu kubeba gunia, msimchape, mpeni jambo mojamoja, na msimkataze kujitikisa maana wengine wakijitikisa ndipo wanasikia.

Hilo la kujitikisa nililielewa kuliko wote, maana mimi ni fundi. Wao walirudi na karatasi, mimi nikarudi na wazo. Nikachukua springi za godoro la zamani, siyo hizi za sasa zinazokufa kabla ya mwenye godoro, nikazishonea ndani ya mto, juu sponji, nje ngozi nyekundu iliyobaki kwenye kochi la meneja wa benki, ili mtoto akae darasani adunde huku anasoma. Springi hizo ziko hai, mtu akikalia unazisikia mpaka barabarani. Cherehani akaukalia nyumbani akamaliza hesabu zake zote bila kuinuka, jambo ambalo baba yake kwa mkanda wake hakuwahi kuliona.

Basi akaenda nao shuleni. Mchana nikasema nipite nione kazi yangu inavyofanya kazi, nafika nakuta mto uko nje ya mlango, umelala kwenye tope, mvua inaunyeshea, na mtoto kasimamishwa kwenye kona anatazama ukuta. Damu ikanipanda. Nikaingia, sikubisha hodi, nimbishie nani hodi? Yule mwalimu, msichana ambaye ningeweza kumzaa mama yake, ananiambia, "Babu, tafadhali subiri nje, niko kwenye kipindi."

Nikamwambia, "Na mimi niko kwenye kipindi. Nani kautupa mto?"

"Babu, kelele."

"Kelele mimi au kelele mto?"

"Wote wawili."

Watoto wakacheka. Hapo ndipo nikamnyang'anya mwalimu fimbo aliyoishika nikaivunja gotini, na sasa wanasema eti haikuwa ya kuchapia, ilikuwa ya kuonyeshea herufi ubaoni, mimi na herufi tulijuana lini hata niijue fimbo yake? Kisha nikaligeukia darasa nikasema sikieni nyote, huyu mjukuu wangu ana ugonjwa wa ubongo, kapimwa hospitali, daktari kaandika, kwa hiyo asichezewe na mtu. Nikawakomesha, hata aliyekuwa anatafuna kalamu aliacha. Nikaokota mto wangu nikatoka.

Nilitegemea nyumbani nipewe kiti cha mbele. Mwanangu ananiambia, "Baba, mwalimu mkuu kasema usikanyage pale mpaka umwombe mwalimu msamaha." Nikamwambia mimi kukanyaga bado sijaanza. Mkwe wangu, mtu niliyemvalishia kochi la harusi bila kumdai kitu, naye anasema, "Baba, mtoto sasa hataki shule." Na kweli hataki. Asubuhi anashikilia mguu wa kitanda analia, anasema wenzake wanamwita Ubongo Mbovu, hawakai naye dawati moja, kalamu yake hawaishiki wasije wakaambukizwa. Watoto wa siku hizi sijui maneno kama haya wanayaokota wapi. Mwanangu kasema nisipoomba msamaha wiki hii anamhamishia mtoto kwa shangazi yake akasomee huko. Shangazi yuleyule wa kadekezwa, mwenye mwiko mkononi. Huko watamvunja.

Mimi sijawahi kumwomba msamaha mtu aliyenikuta na mvi. Andika hapo gazetini kwamba haki ni yangu, niukate ukurasa niubandike sebuleni wausome wakila. Anayesema nadanganya amuulize mlinzi wa geti la shule aliyenishika mkono akashindwa, amuulize fundi viatu wa mlango wa pili aliyeuona mto kabla haujaloa, na amuulize Cherehani mwenyewe, alikuwepo.

Fundi Makochi

*Mshauri anajibu:*

Shikamoo, mzee wangu. Baada ya shikamoo sina la kukubembeleza.

Haki yako nakupa kwanza, ili usiseme nimekudhulumu. Wengi wanaoniandikia kuhusu watoto wa namna hii bado wako kwenye viboko na kutafuta mchawi. Wewe ulimzuia baba asichape, ukasema hospitali. Hali hii madaktari wanaiita ADHD, haiji kwa kudekezwa wala kwa pepo, na kumgeuzia mtoto ukuta hakumfundishi kutulia. Hapo mwalimu alikosea, na kuiacha kazi ya mkono wako mvuani ni dharau. Haki yako inaishia hapo.

Sasa nikuulize ufundi. Springi inayosikika mpaka barabarani umeipeleka kwenye chumba cha watoto wanaojifunza kusoma, bila kumwambia mwalimu neno? Mna karatasi ya daktari nyumbani. Nani kati yenu aliipeleka shule? Nimeisoma barua yako mara mbili, sijamwona. Yule mwalimu aliona mto unaolia, basi. Hakuna aliyemwambia ni wa nini.

Na hilo ndilo dogo. Unauliza watoto wameliokota wapi Ubongo Mbovu. Wameliokota kwako, mzee. Asubuhi ile mjukuu wako aliingia darasani akiwa mtoto asiyetulia, na wa namna hiyo wako wengi. Ulipotoka, alikuwa mgonjwa anayeambukiza. Daktari hakusema neno ugonjwa, umelitia wewe kwa sababu ulikuwa na hasira na ulitaka kushinda. Unajisifu kwamba uliwakomesha. Uliyemkomesha ni yule aliyesimama kwenye kona, maana ndiye peke yake asiyekwenda shule leo. Siri ya mtoto si fimbo ya kumpigia mwalimu. Nimekasirika kweli, na ningekasirika kidogo tu kama ungekuwa humpendi.

Kwa shangazi asiende. Mwonyeshe mwanao mstari huu: mtoto kama huyu anahitaji siku zinazofanana na watu anaowajua, na nyumba yenye mwiko itafuta kila kitu daktari alichowaambia. Lakini na wewe utakwenda shule, wiki hii, pamoja na baba na mama yake, karatasi mkononi, wakati wa mapumziko, na utabisha hodi. Utaomba msamaha kwa kuingia na kwa fimbo, bila "lakini". Habari ya kona na mto aizungumze mkweo, mwalimu mkuu akiwepo, maana sauti yako naisikia kutoka hapa.

Kisha mwombeni mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha. Ampe agizo moja, likiisha ndipo lije jingine. Amtume kufuta ubao na kugawa madaftari, mwili upate kazi. Akipatia asifiwe palepale, sifa ya jioni kwake imeshachacha. Na darasa lionywe kuhusu kuitana majina, bila yeye kutajwa. Nyumbani vilevile: ukitaka nyundo, sogea alipo, akutazame, sema nyundo, unyamaze. Usiongeze gundi, mlango na salamu za bibi jirani halafu ushangae kuletewa paka. Msipoona mabadiliko, rudini kwa daktari, siyo kwa jirani.

Mto usiutupe. Toa springi, tia mpira wa ndani wa baiskeli wenye hewa kidogo, hautalia. Safari hii mwalimu aukalie kwanza.

Ila mwalimu ni wa pili. Leo hii, ukiliweka gazeti chini, mwite mjukuu wako ukae naye usawa mmoja, umwambie, "Nilikosea kuwaambia wenzako." Usiendelee. Usimweleze ulivyokuwa na uchungu, usimtaje mwalimu, usimhesabie uliowazika. Subiri ajibu. Na akijibu kwa kuruka akakimbilia nje, mwache akimbie, ila akirudi akukute umekaa palepale.