Megabaiti Sita kwa Sekunde

Jumatatu, 4 Machi

Kasi: 6. Megabaiti sita kwa sekunde! Diski hiihii mwezi uliopita ilikuwa inapiga mia na kumi bila jasho. Dirisha la kunakili linasema zimebaki saa arobaini na moja. Kuhamisha ramani kwenda kwenye diski ya nje iliyo umbali wa kiganja! Ningezibeba kichwani zingefika mapema.

Kompyuta ya ofisi ina miaka tisa. Ndani yake mna kila kiwanja tulichopima mimi na Shemeji, kaka yake mke wangu, kwa miaka kumi na minne. Diski ikifa kabla hatujanakili, tumekwisha. Ndiyo maana tulikubaliana ramani zote zihame. Na tulipokubaliana tu, diski ikaanza kutambaa. Bahati mbaya? Mimi si mtoto.

Naandika kwenye daftari la kupimia, kwa penseli, kwa kanuni yetu ya kazini: hakuna kufuta. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, anayekuja nyuma yako aone ulikosea wapi. Daftari hili halitoki mfukoni mwangu.

Niweke kumbukumbu. Katikati ya mwezi uliopita niliingia ofisini ghafla nikamkuta Shemeji amechomeka flashi nyekundu. Akafunga dirisha haraka. "Aa, Shemeji, umerudi?" Umerudi! Kwani nilihama? Anakusanya ramani, nina hakika. Atafungua ofisi yake na wateja wetu wote mfukoni. Basi tarehe 21 nikaweka programu ya kurekodi kioo. Inarekodi kila kinachofanyika kwenye kompyuta, kutwa, na nimechagua picha safi kuliko zote — ushahidi hauna bei rahisi. Nimeibatiza Saa ya Ukutani asije akaishtukia. Rekodi zinakaa kwenye folda niliyoiita Risiti za Zamani. Nani mwenye akili timamu atafungua risiti za zamani?

Jumanne, 5 Machi

Nimebadilisha waya. Kasi: 6. Nimehamia tundu la nyuma la kompyuta, maana la mbele siku zote lina usingizi. Kasi: 7. Au 1. Nimesogeza uso hadi pua ikagusa kioo — 7. Haya maandishi siku hizi wanayapunguza makusudi. Na yule muuza miwani aliniuzia miwani ya mtu mwingine, nilisema tangu mwanzo.

Halafu kuna jambo ambalo limenikosesha raha. Sisi tukipima kiwanja tunaanzia kigingi cha kwanza, tunazunguka mipaka yote, tunarudi palepale. Hesabu ikirudi ilipoanzia tunasema mzunguko umefunga. Isiporudi, kuna aliyekosea. Kiwanja cha mjane wa seremala kiligoma kunifungia, nikaenda nyumbani na hasira zangu. Kesho yake nafungua — kimefunga! Chenyewe! Na cha shule ya chekechea vilevile. Namba hazijirekebishi. Kuna mkono umepita kwenye ramani zangu.

Tena siku hizi ananisomea vipimo kwa sauti, polepole, kama mimi ndiye wa chekechea. Dharau imeanza lini?

Saa tisa alasiri alikuwa kwenye ujia anaongea na simu. Nimesikia vipande tu. Kwamba mtu asiambiwe kwanza. Kwamba Jumamosi atamaliza mwenyewe, kimya kimya. Halafu: "Sawa, dada."

Ana dada mmoja tu duniani, nami nimemuoa!

Jumatano, 6 Machi

Chai ya asubuhi. Mke wangu kaniuliza kama macho yananiuma. Nikamuuliza kwa nini anauliza. Kasema anauliza tu. Hakuna mtu anayeuliza tu. Anataka kujua ninaona kiasi gani!

Kasi: 5. Saa zilizobaki: arobaini na sita. Zinaongezeka! Tunanakili, na mzigo unakua.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja Fundi Kofia. Sijui jina lake halisi, na nywele zake hakuna aliyewahi kuziona. Nilimwita mimi mwenyewe, kabla Shemeji hajamwita wa kwake.

Amefungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, tukapiga chafya wote watatu. Akakaza nyaya. Akapima afya ya diski kwa programu yake. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba inakufa — kusema kweli ningefarijika, ingekuwa kifo cha kawaida. Kasema diski ni nzima, ina umri lakini haina doa. Virusi? Hakuna. Imejaa? Akakunja uso. Imejaa kuliko anavyotarajia kwa ofisi ya ramani.

Halafu akatuita tutazame kile kitaa chekundu cha mbele ya kompyuta. Kinapepesa bila kupumzika, na hapo kunakili kulikuwa kumesimamishwa. "Kuna kitu kinaandika humu muda wote," kasema. "Diski ni kama karani mmoja. Mwambie asome huku na aandike kule kwa wakati mmoja, atashinda anakimbia tu chumbani." Kasema tufungue orodha ya programu zinazofanya kazi, tutazame ipi inaandika. Nikamwambia aache, nitatazama mwenyewe kwa nafasi. Sikutaka afungue orodha mbele ya Shemeji, angeiona Saa yangu.

Nilikuwa namtazama Shemeji, si kitaa. Akatazama chini. Akasema labda tusubiri wiki ijayo, tusiharakishe. Ana lake jambo huyu!

Lakini kitu kimoja kinanisumbua. Mwizi wa ramani husoma. Haandiki. Anaandika nini?

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kaaga. Kesho anakwenda kumtazama mgonjwa. Jumamosi iliyopita alikwenda kumtazama mgonjwa pia, Jumatatu akaja na viatu vyenye udongo hadi kwenye kamba. Mgonjwa gani anayelazwa shambani? Ana wateja wake wa pembeni, na mashine ya kupimia ni ya kwetu sote.

Nimejaribu kufungua rekodi moja wakati ametoka kununua karatasi. Imekwama kwenye picha ya kwanza, diski ikahema, basi. Kesho nitakuwa peke yangu. Nitasimamisha kila kitu na nitatazama hadi nimwone.

Mke wangu nimemwambia nina kazi. Hakuuliza kazi gani. Hilo nalo nimeliandika.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwona.

Nianze taratibu. Nimefika saa mbili asubuhi. Nimesimamisha kunakili, na rekodi ya tarehe 26 ikakubali kufunguka. Nikaivuta hadi saa saba mchana, wakati mimi huwa nimekwenda kula. Dirisha linafunguka. Ramani ya mjane wa seremala. Ramani yangu! Nikasema, sasa umepatikana.

Kando yake akafungua picha ya ukurasa wa daftari langu la siku ile. Akavikuza vyote viwili. Upande wa magharibi wa kiwanja: kwenye ramani nimeandika 48.80. Kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe — sikuamini. Nikaenda kabatini, yanakokaa madaftari yaliyojaa, nikalitoa lenyewe. Nikachukua lenzi kubwa tunayosomea ramani za zamani. 43.30. Tatu, wazi kabisa, tatu zangu zenye mkia.

Kwenye rekodi mshale ulisimama kidogo juu ya namba ile. Halafu akazifuta nane zote mbili, akaandika tatu. Mzunguko ukafunga. Akahifadhi. Akanakili ramani ya zamani na mpya kwenye flashi. Saa nane kasoro dakika tano dirisha likafungwa, maana saa nane narudi mimi.

Nimetazama siku nyingine. Chekechea. Kiwanja cha kona. Cha yule bwana mwenye kesi na jirani yake — pale nilikuwa nimempa jirani mita tano zisizo zake, angejenga ukuta juu ya ardhi ya mtu! Viwanja saba. Kwenye flashi kuna folda imeandikwa "Kurudia Jumamosi". Hivyo ni vile ambavyo hata daftari langu lilikuwa na makosa, kwa hiyo anarudi uwanjani kuvipima upya. Peke yake. Siku yake ya mapumziko. Ule udongo.

Na ujumbe kwa dada yake, aliuandika kwenye kompyuta tarehe 1, nimeusoma kwa lenzi. "Dada, cha saba hiki. Nitakwenda kurudia mwenyewe. Usimwambie bado, utamvunja. Mpeleke kwanza kwa daktari wa macho, sema ni kwa ajili yako, akusindikize."

Nimekaa. Haya imenishika hadi masikio yakawa ya moto, na sikuwa na mtu wa kunitazama.

Halafu, kwa kuwa sina pa kuangalia, nimeangalia ukubwa wa Risiti za Zamani. Gigabaiti mia nne. Mia nne, katika wiki mbili na nusu! Kitaa kinapepesa. Rekodi ya leo nayo inaandikwa: mimi namtazama Shemeji, na programu inanitazama mimi. Karani anayekimbizwa chumbani ni wa kwangu. Hakuna mwizi. Kinachoandika ni mimi.

Nimejaribu kuifuta folda. Imegoma, programu inailinda, inataka neno la siri. Neno la siri niliandika nyuma ya daftari hili. Lina namba nne. Ya pili ni 8 au 3. Mwandiko wangu mimi! Nimejaribu 8. Nimejaribu 3. Ya tatu nilikosea kubofya, ikajifunga hadi Jumanne.

Jumatatu, 11 Machi

Njiani nilikuwa na sentensi yangu tayari. "Shemeji, nimejua, na nakushukuru." Maneno manne. Nikamkuta anasugua udongo kwenye viatu kwa kijiti. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Kasema anaendelea vizuri. Nikakaa.

Shida ni kwamba nikisema nimejua, ataniuliza nimejuaje.

Mchana kanisomea vipimo kwa sauti, polepole. Nimeandika kila alichosema. Sikuinua uso.

Kasi sikupima.

Jumanne, 12 Machi

Saa tatu asubuhi. Nimewahi ili niifute folda kabla hajafika. Nimemkuta ameshafika! Yuko kwenye kiti changu, simu iko sikioni, Fundi Kofia anamwelekeza. Kumbe Shemeji alikuwa anasubiri amalize viwanja vyote saba ndipo tunakili, ziende ramani sahihi tu. Amemaliza Jumamosi. Ana furaha kama ameoa.

Amefungua orodha ya programu. Kaniuliza: "Shemeji, hii Saa ya Ukutani uliiweka wewe?" Nimesema ngoja, namalizia hesabu. Hakuna hesabu, naandika hapa. Kasema inaandika kuliko zote, anaizima. Kubofya mara moja tu! Mimi nahangaika na neno la siri, kumbe kuna mlango wa nyuma.

Kasi: 112.

Kapiga meza, kacheka. "Shemeji! Mia na kumi na mbili! Kumbe ni saa tu!" Kanipa mkono. Nimeupokea. Mkono wake una malengelenge ya nyundo ya vigingi.

Saa tatu na nusu. Anahamisha kila kitu kwa pamoja, folda kwa folda, kwa alfabeti. Barua zimepita. Mikataba imepita. Sasa ni Ramani. Baada ya Ramani ni Risiti. Dirisha linasema Ramani itamaliza baada ya saa moja na dakika tano. Nina saa nzima ya kusema. Nikiwa mwanaume nitasema nikimaliza sentensi hii.

Saa nne kasoro. Kaleta chai. Kaweka kikombe karibu na mkono wangu, akakigusisha kidogo kwenye vidole ili nijue kilipo. Tangu lini anafanya hivi? Sikuwahi kuona. Nikasema, "Shemeji." Kasema, "Naam." Nikasema chai ina sukari ya kutosha.

Saa nne na robo. Dakika ishirini. Mke wangu kapiga simu, anataka nimsindikize kwa daktari wa macho kesho, eti macho yanamsumbua. Nimesema nitakuja. Kaniambia nirudie. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Dakika nane. Naweza kusimama nikachomoa waya. Naweza kusema umeme umeleta shida. Naweza kusema.

Ramani zimekwisha. Zote, salama. Kapiga mluzi.

Sasa mluzi umekatika. Kaegemea kioo. Kwenye dirisha yanapita majina ya faili, moja baada ya jingine, niliyapa majina mimi mwenyewe: SHEM 21-2. SHEM 22-2. SHEM 23-2.

"Shemeji," kasema, bila kugeuka. "Hizi risiti mbona zina jina langu?"

Nimeinama kwenye daftari. Kauliza tena, sauti imeshuka: nani amezitengeneza, afungue moja aone?

Nimeandika "si mimi", halafu nimekata kwa mstari mmoja. Bado inasomeka.

Anasogeza kiti. Anakuja huku kwangu.