Chenji za Vita Ulizompa Furaha

Mama yangu,

Kopo lako liko kwa mkwe wako Furaha. Siku ya kugawana vitu vyako, Kaka alilifungua hapa sebuleni Gisenyi, akatangaza kwamba ulitaka vipande vyote vya shaba apewe mke wake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Tulianza kuvikusanya mimi na wewe, tulipotoka Tanzania. Ulinieleza kwamba wakati wa vita vya Wazungu sarafu ndogo ziliadimika, wenye maduka wakagonga vipande vyao wenyewe vyenye chapa ya duka. Ukirudi nacho, unapewa chumvi au sabuni. Uliviita chenji za vita, tukavitafuta pamoja kila Jumamosi.

Kisha nikapata kazi Kigali, Kaka akamwoa Furaha kutoka Goma. Nikikupigia simu kukuuliza hali, unanijibu, "Furaha kapata chenye tembo!" Furaha, Furaha. Nilikuwa nakata simu kabla hujamaliza.

Wiki iliyopita alinifuata na kopo. "Dada, kamata yote. Mi nilipenda mama, hapana ile vyuma."

Nikakataa. Nilitaka unipe wewe, si yeye anionee huruma.

Akachomoa kimoja chenye tundu katikati. "Na hiki? Mama alikataa kunielezea. Alisema hiki ni cha yeye na mutoto wake."

Nikamtazama, Mama. Ulikuwa wivu, ule ule wangu, umekaa usoni kwake.

Nilikumbuka yote. Mvua ya kule Kanama tulikokwenda kutafuta vipande, tumejibanza kwa bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Ulivua kitenge chako ukamfunika. Akafungua uzi shingoni, akanivalisha mimi kile kipande. Tukarudi barabarani umelowa chapachapa, unacheka mpaka watu wa kwenye basi wakatuchungulia. Sijawahi kukuona ukicheka vile na mtu mwingine.

Furaha alikuwa bado anasubiri.

"Nimesahau," nikamwambia.

Najua ungenikemea. Ni mtu mwema, alikuuguza mimi nikiwa mbali, na huenda siku moja nitamsimulia. Ila si mwaka huu. Mengine yote amepata, Mama.

Lala salama.

Binti yako wa kumzaa