Visanduku Vitatu Kwenye Kaburi la Mzee Sasaki

Mama Antoinette mpendwa, nasoma ushauri wako gazetini, naomba na mimi unisaidie, maana hata kanisani siku hizi nakaa nyuma. Mimi ni Léonidas, nachapa na kuprinti karatasi za watu kwenye duka la intaneti hapa Berea, Durban, na mwaka jana alinijia dada Estella, Mrundi mwenzangu mwenye saluni Isipingo, mumewe Mzee Sasaki, Mjapani, fundi wa injini za meli, alikuwa amefariki, na wifi yake huko Japani alikuwa amemtumia kwa imeli jina la marehemu kwa maandishi ya kwao, lichongwe kwenye jiwe la kaburi. Nikafungua imeli nikaona visanduku vitatu vitupu, basi. Estella akauliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Léonidas, njo jina ya bwana yangu hii?" na mimi, kwa vile duka lilijaa watu na wote wananiita injinia, nikaona aibu kusema sijui, nikamjibu, "Ndiyo dada, Wajapani njo vile wanaandikaka," nikaprinti, akaikunja ile karatasi akaitia kwenye Biblia, na mchongaji akachonga kama alivyoletewa.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa Glenwood akanieleza kwamba visanduku vile si maandishi, ni kompyuta inayosema haina umbo la alama hiyo. Eish, Mama! Nikaweka herufi za Kijapani kwenye mashine, nikaandika sasaki, nikabonyeza kitufe cha nafasi ili igeuze sauti kuwa alama, yakaja majina zaidi ya moja, yote yanasomwa Sasaki, sijui lake ni lipi. Na kila Jumapili baada ya misa Estella anaenda kaburini, anapitisha kidole kwenye visanduku kimoja kimoja, anasema, "Sijui kusoma hii, lakini najua ni wewe." Nilimsikia kwa masikio yangu siku niliyomsindikiza. Sasa wifi anakuja mwezi ujao kuona kaburi. Nikisema nitamvunja Estella moyo, nikinyamaza wifi ataona mwenyewe, na mchongaji ananiambia tubadilishe jiwe kimya kimya, Estella asijue. Nifanyeje?

Léonidas, Berea, Agosti 2012

Léonidas,

Pole. Sasa nikugombeze. "Sijui" ni neno dogo, lingekutoka siku ile mjane wa watu asingeomboleza mbele ya visanduku. Ulikimbia aibu ya dakika moja, ukambebesha yeye mwaka mzima. Injinia gani wewe?

Nimemuuliza binti yangu anayesomea kompyuta. Anasema kila alama ya Kijapani ina namba yake, na kompyuta inatunza namba, si mchoro. Mashine yako ilizipokea namba zote tatu, ilikosa maumbo ya kuzionyesha tu. Kwa hiyo jina halikupotea, liko kwenye imeli ileile mpaka leo. Acha kubahatisha kwa kuandika sauti! Kuna Sasaki wenye alama ya katikati ambayo haina sauti yake kabisa, kazi yake ni kurudia iliyotangulia, na kuna Sasaki wasio nayo. Utachagua kwa macho gani? Mwombe Estella aifungue imeli ya wifi kwenye mashine yako, ambayo sasa ina herufi. Nakili jina, liprinti kubwa, wifi alithibitishe kabla patasi haijagusa jiwe. Gharama ni zako.

Na hilo la kubadilisha kimya kimya, thubutu! Mwanamke amepapasa jiwe lile Jumapili hadi Jumapili, unadhani hatajua? Ulimdanganya mara moja, usimzike mumewe mara ya pili bila kumwita. Yeye aambiwe wa kwanza, kabla ya wifi. Atalia, labda atakufukuza. Usiondoke, kaa mlangoni. Mwambie pia kwamba aliyekuwa anazungumza naye kila Jumapili alikuwa pale pale, uongo wako haukumhamisha.

Jina lako na lake nimeyabadilisha, lakini Durban hii makaburi yenye visanduku vitatu ni mangapi? Gazeti hili linauzwa hata kwenye rank ya taxi, kituo cha abiria cha Isipingo, na hakuna saluni isiyolisoma. Likunje sasa hivi, panda taxi, ufike kabla halijafika.